Kuboresha kompyuta ndogo ya mezani iwe seva ya nyumbani

Wanaotaka kugeuza kompyuta ndogo ya mezani iwe seva ya nyumbani, yaani mashine inayokaa imewashwa ikihudumia vifaa vingine, maswali yao ni yale yale. RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) gani inaingia hapa? Nimefunga SSD (diski isiyozunguka) mpya, mbona mashine haiioni? Feni inazunguka lakini skrini nyeusi, nimeshaiua? Ukifuatilia, wengi wanaouliza walinunua kifaa kwanza wakafungua mfuniko baadaye. Fanya kinyume chake: fungua, soma kilichoandikwa ndani, ndipo utoe pesa. Na ukishaanza kazi, badilisha kitu kimoja, washa, hakikisha, kisha nenda kwenye kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na mashine ikagoma, utabaki unakisia.

Mashine zenyewe ni zile za ukubwa wa lita moja hivi, zinazojificha nyuma ya monita na kutumia adapta ya nje kama laptop: ThinkCentre Tiny za Lenovo, OptiPlex Micro za Dell, EliteDesk Mini na ProDesk Mini za HP. Nyingi zinatoka maofisini zikiwa na prosesa za Intel za kizazi cha 6 hadi cha 10. Zile ndogo zaidi zenye prosesa ya N100 zinafuata karibu hatua hizi hizi, ila prosesa yake imechomelewa kwenye ubao mama, haibadilishwi, na mara nyingi zina sloti moja tu ya RAM.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Bisibisi ya nyota, ya kati na ndogo.
- Monita na kibodi ya waya. Ukishamaliza utaendesha seva kwa mbali, lakini siku ya kwanza lazima uone skrini.
- Kebo sahihi ya monita. Nyingi kati ya mashine hizi zina tundu za DisplayPort tu. Kebo ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI kwa kawaida inafanya kazi kuelekea upande huo tu. Ile ya kutoka HDMI kwenda DisplayPort ni kitu kingine, ingawa kwa macho zinafanana.
- Flashi ya GB 8 au zaidi, isiyo na kitu unachokihitaji.
- Adapta ya umeme ya mashine yenyewe.
- Kebo ya mtandao. Seva ya Wi-Fi inawezekana, ila utajitafutia usumbufu usio na sababu.
- Pesti ya prosesa, ile dawa ya kijivu inayopitisha joto, pamoja na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi.
- Simu ya kupigia picha kila hatua ya kufungua.

Ununue nini, na kwa mpangilio gani

RAM kwanza, SSD ya pili, pesti mpya ya tatu. Prosesa iwe ya mwisho, na mara nyingi usiiguse kabisa.

RAM za mashine hizi ni zile fupi za laptop, yaani SODIMM. Kijiti kirefu cha kompyuta kubwa ya mezani hakiingii. DDR3L ina pini 204 na inatumia volti 1.35, DDR4 ina pini 260 na volti 1.2, DDR5 ina pini 262 na volti 1.1. Mkato wa chini uko sehemu tofauti kwa kila aina, kwa hiyo kijiti kikikataa kuingia usikisukume kwa nguvu. Huenda ni aina nyingine. Wanaokosea zaidi ni wenye mashine za kizazi cha 6: kizazi hicho kinakubali DDR3L na DDR4, na ni mtengenezaji wa ubao ndiye aliyechagua. Usiulize kizazi, chomoa kijiti kilichomo usome karatasi yake.

Kiasi? GB 16 zinatosha kwa kuhifadhi mafaili, picha, kuzuia matangazo kwenye mtandao wa nyumbani na kontena kadhaa (programu zinazoendeshwa kila moja ikiwa imetengwa na nyingine). Ukitaka mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya hii moja) tatu nne kwa pamoja, nenda GB 32. Mashine nyingi za kizazi cha 8 na 9 zinakubali hata GB 64, yaani vijiti viwili vya 32, ijapokuwa vitabu vyake vya mwanzo viliandika 32. Vijiti viwili vinavyofanana ni bora kuliko kimoja kikubwa, hasa kama seva itabadilisha video, kwa sababu grafiki ya ndani inaazima RAM hiyo hiyo.

Kwa SSD, soma mambo mawili: urefu na lugha. Urefu wa kawaida ni 2280, maana yake upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Lugha ni NVMe au SATA, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa kuwa zote mbili zinakuja katika umbo lile lile la M.2, kile kipande chembamba kinachochomekwa moja kwa moja kwenye ubao. Zipo sloti zinazokubali NVMe tu, zipo za SATA tu, zipo zinazokubali zote. Idadi ya mikato kwenye meno ya SSD inakupa fununu (NVMe kwa kawaida ina mmoja, SATA ya M.2 mara nyingi ina miwili), lakini fununu si uthibitisho, jibu liko kwenye kitabu cha huduma cha modeli yako, kinachopatikana bure kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ile sloti fupi nyingine ndani ya mashine ni ya kadi ya Wi-Fi. SSD ya kawaida haiingii humo.

Usilipie kasi usiyoweza kuitumia. Mtandao wa gigabiti moja hauvuki MB 125 kwa sekunde hata uukamue vipi, na SSD ya SATA peke yake inafika kama MB 550. Ukinunua NVMe ya PCIe 4.0 (PCIe ni njia ya data ambayo NVMe inapitia) ukaifunga kwenye mashine ya kizazi cha 8 itafanya kazi, ila kwa mwendo wa 3.0. Pesa hiyo ni afadhali iende kwenye ukubwa wa diski, au kwenye SSD yenye uvumilivu mkubwa wa kuandikwa, ile namba ya TBW kwenye maelezo yake. Seva inaandika logi, yaani kumbukumbu za matukio yake, usiku na mchana.

Diski ya pili ya inchi 2.5 ikihitajika, pima unene. Nafasi nyingi zimetengenezwa kwa milimita 7. Diski kubwa za kuzunguka za inchi 2.5 zenye unene wa milimita 15 hazitaingia, hata ukibembeleza.

Kuhusu prosesa: kizazi cha 6, 7, 8 na 9 vyote vinakaa kwenye soketi iitwayo LGA 1151, na jina hilo limewaponza wengi. Prosesa ya kizazi cha 8 haiwaki kwenye ubao wa kizazi cha 6 au 7, ingawa inakaa vizuri kabisa kwenye soketi. Halafu kuna moto. Mashine hizi kwa kawaida zina prosesa zenye herufi T mwishoni, za wati 35. Ukiweka ya wati 65 kwenye kipozea cha wati 35 utapata kelele za feni na mashine inayojipunguzia mwendo, yaani umerudi ulikotoka kwa gharama.

Hatua

1. Iwashe jinsi ilivyo kabla ya kufungua. Ingia BIOS (programu ya ubao mama inayowaka kabla ya mfumo wowote): F1 kwa ThinkCentre, F2 kwa OptiPlex, F10 kwa HP, ukibonyeza mfululizo mara tu baada ya kuwasha. Andika modeli kamili, toleo la BIOS, kiasi cha RAM na jina la prosesa. Ikiwa BIOS inadai nenosiri ambalo hukupewa, simama hapo hapo na umrudishie aliyekuuzia. Kwenye baadhi ya modeli nenosiri linafutwa kwa kuhamisha kijumpa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) kwenye ubao. Kwenye nyingine, ukishafungiwa umefungiwa.

2. Hamisha chochote kilichomo unachokitaka. Usiamini kwamba "diski siigusi". Utaigusa.

3. Sasisha BIOS sasa, ikiwa bado na vifaa vyake vya zamani. Matoleo mapya mara nyingi ndiyo yanayoleta utambuzi wa RAM kubwa na SSD mpya. Kwenye OptiPlex unaweka faili kwenye flashi ya FAT32, unabonyeza F12 wakati wa kuwasha, unachagua "BIOS Flash Update". Wengine wana njia zao, soma ukurasa wa modeli yako.

Onyo: umeme ukikatika katikati ya kazi hii, mashine inaweza isiwake tena. Kama umeme wako ni wa kukatikakatika, chomeka kwenye UPS (betri ya akiba) kwanza. Skrini ikizima na kuwaka yenyewe mara mbili tatu wakati huo, iache ifanye mambo yake.

4. Zima, chomoa kila kitu, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa ubao, na usifanyie kazi hii juu ya zulia. Fungua skrubu ya nyuma, sukuma mfuniko, uinue. Piga picha. Utaona kikasha cha diski ya inchi 2.5 kikiwa kimefunika RAM au M.2, kebo yake ni bapa na nyembamba kama utepe, na kiunganishi chake mara nyingi kina kilango kidogo cha kuinua kwa ukucha kabla ya kuvuta. Wanaoivuta kwa pupa wanabaki na kilango mkononi. Kuna pia nyaya mbili nyembamba za antena ya Wi-Fi. Ukizibandua zifunge kwa utepe wa karatasi wenye gundi zisiguse ubao.

5. Toa vumbi. Zuia feni kwa kidole unapopuliza. Feni inayozungushwa kwa kasi na upepo inajiumiza yenyewe.

6. Badilisha RAM. Panua vishikio viwili vya pembeni kwa vidole gumba, kijiti kitajiinua chenyewe. Kipya kiingize kwa mshazari, karibu nyuzi 30, mkato ukiwa umelingana na kijino cha sloti. Sukuma mpaka mstari wa dhahabu ubaki unaonekana kidogo sana, wembamba wa uzi. Hapo sasa kibonyeze chini mpaka vishikio vyote viwili vijifunge, na usikie mlio wa pande zote mbili. Mlio mmoja hautoshi. Kijiti kilichoshikwa upande mmoja ndicho kinacholeta skrini nyeusi kwa nusu ya wanaoanza, nao wanakwenda kulaumu RAM.

Anza na kijiti kimoja. Rudisha umeme, washa bila kufunga mfuniko, na uwe na subira. Baada ya kubadilisha RAM mashine inaipima na kujirekebisha. Skrini inaweza kukaa nyeusi dakika moja au zaidi, na kwenye DDR5 dakika kadhaa. Inaweza hata kujizima na kujiwasha. Usichomoe. Ikiingia BIOS na kusoma kiasi sahihi, zima, chomoa, ongeza cha pili.

7. Badilisha pesti ya prosesa, kama mashine ina umri wa miaka mitano au inapiga kelele. Washa dakika tano kwanza ili pesti ya zamani ilainike, kisha zima na uchomoe. Legeza skrubu za kipozea kwa mkingamo, kila moja kidogo kidogo, na ukizungushe taratibu kabla ya kukiinua. Usikinyanyue kwa nguvu pesti ikiwa baridi. Futa kwa spiriti mpaka bati ling'ae, tia pesti ya ukubwa wa punje ya mchele katikati, rudisha, kaza tena kwa mkingamo. Usisahau kuchomeka kebo ya feni. Utacheka, lakini linatokea kila mara.

8. Funga SSD. Mshazari tena, sukuma hadi mwisho, ilaze, funga skrubu yake. Skrubu hiyo ni ndogo mno na mashine nyingi zilizotumika zinakuja bila hiyo, kwa hiyo angalia mapema. Usiache SSD imeinuka na usiibane kwa gundi. Kama sloti ilikuwa na kipande laini cha kupitisha joto, kirudishe, na ubandue plastiki yake kama ni kipya.

9. Washa uingie BIOS, uweke mipangilio ya seva. Majina yanatofautiana kidogo, ila unatafuta haya:

- Umeme ukirudi, mashine ijiwashe. Lenovo na HP wanaiita "After Power Loss", Dell "AC Recovery". Chagua "Power On".
- Hali ya diski (jinsi mashine inavyoongea na diski) iwe AHCI, isiwe RAID. Ukiwa bado una Windows unayoitaka humo, usibadilishe ovyo. Huenda isiwake tena.
- "Virtualization" na "VT-d" ziwashwe kama utatumia mashine pepe.
- Wake on LAN (kuwashwa kwa mbali kupitia mtandao) iwashwe, na usingizi mzito wa kuokoa umeme uzimwe, la sivyo mashine ikizimwa haitasikia mwito wa mtandao.
- Isisimame kwa sababu ya kukosa kibodi.

Hifadhi, toka, ingia tena uhakikishe kwamba mipangilio imebaki.

10. Pima RAM usiku kucha. Weka Memtest86+ kwenye flashi, washa kupitia menyu ya F12 (Lenovo na Dell) au F9 (HP), iache imalize angalau duru moja kamili. Kosa hata moja jekundu maana yake kijiti kirudi dukani. Usijipe moyo kwamba ni kosa dogo, kwa sababu RAM mbovu inaharibu mafaili kimyakimya na utakuja kujua baada ya miezi, ukifungua picha zisizofunguka.

11. Sakinisha mfumo. Debian au Ubuntu Server, zote ni za Linux, kwa mwenye kazi chache. Proxmox VE kwa mwenye kutaka mashine pepe na kontena, ambaye baadaye atafungua ukurasa wa usimamizi kwenye kivinjari kwa anwani ya seva ikifuatiwa na :8006. Ubuntu Server ina mtego mmoja: ukikubali mpangilio wake wa LVM (njia ya kugawa diski) bila kusoma, mara nyingi inachukua sehemu tu ya diski, halafu unakuja kuuliza kwa nini SSD ya GB 500 inaonekana 100. Iliyobaki haijapotea. Ukishaingia:

`sudo lvextend -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`
`sudo resize2fs /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`

12. Ipe anwani isiyobadilika. Njia nyepesi ni kuingia kwenye ruta na kuitengea mashine anwani moja kwa kutumia namba yake ya MAC, ile inayotambulisha kadi yake ya mtandao. Ukiiandika ndani ya seva yenyewe, chagua namba iliyo nje ya zile ambazo ruta inagawa.

13. Itese kidogo kabla ya kuipa kazi. Sakinisha `stress-ng` na `lm-sensors`, kisha:

`stress-ng --cpu 0 --timeout 15m`

Kwenye dirisha jingine tazama joto kwa `watch sensors`. Prosesa nyingi za aina hii zinajipunguzia mwendo zikikaribia nyuzi 100. Chini ya 85 uko salama. Ikipanda haraka mpaka 95 ndani ya dakika ya kwanza, kipozea hakijakaa sawa, rudi hatua ya 7.

Halafu ndipo ufunge mfuniko na uiweke mahali pa kudumu, tundu za hewa zikiwa wazi. Usiibebeshe ruta juu yake.

Ikigoma

Feni inazunguka, skrini nyeusi. Subiri dakika tano kamili kwanza. Kisha jaribu tundu jingine la monita na kebo nyingine. Bado? Chomoa umeme, toa SSD, Wi-Fi na kila kilichochomekwa kwenye USB, bakiza kijiti kimoja cha RAM. Jaribu kijiti hicho kwenye kila sloti, kisha kijiti kingine. Ikigoma bado, toa betri ya BIOS (CR2032 ya duara, volti 3) kwa dakika kadhaa ukiwa umechomoa umeme, rudisha. Taa ya kuwashia ikiwa inapepesa au spika inalia, hesabu: idadi ya mipepeso ina maana yake kwenye kitabu cha modeli yako, na inaweza kukuambia moja kwa moja kama ni RAM au ni ubao.

SSD haionekani. Kwanza jiulize haionekani wapi. Kama BIOS nayo haiioni, tatizo ni la kufunga au la aina: NVMe kwenye sloti ya SATA, au kinyume chake, au haijaingia hadi mwisho. Kama BIOS inaiona lakini kisakinishi cha Linux hakiioni, karibu kila mara ni ile RAID badala ya AHCI. Kama Linux inaionyesha kwa `lsblk` lakini hakuna mafaili, haijagawanywa wala kupangwa, na hilo si tatizo kabisa kwa diski mpya.

Mashine imekuwa nzito ajabu. Tazama mwendo wa prosesa:

`watch "grep MHz /proc/cpuinfo"`

Ikiwa imeganda karibu na 800 hata ukiipa kazi, itilie shaka adapta. Adapta za Dell na HP zina kipini cha katikati kinachoitambulisha kwa mashine. Kipini kikipinda au adapta ikiwa ya kuiga, mashine haijui inapewa wati ngapi na inajibana. Volti sahihi na plagi inayoingia havitoshi. Wati zisipungue zile zilizoandikwa kwenye mashine, zikizidi hakuna shida.

Nimeongeza kadi au SSD, mtandao umekufa. Hili linawatia watu hofu bure. Linux inaita tundu za mtandao kwa nafasi yake kwenye basi la PCIe, na kifaa kipya kinaweza kusogeza namba hizo: enp1s0 ya jana leo ni enp2s0, wakati mipangilio bado inamtafuta wa jana. Chomeka monita na kibodi, andika `ip link`, soma jina jipya, kisha ulirekebishe kwenye `/etc/network/interfaces` (Debian na Proxmox, na kwenye Proxmox usisahau mstari wa `bridge-ports`) au kwenye faili lililo ndani ya `/etc/netplan/` (Ubuntu). Washa upya. Mwenye eno1 kwa kawaida haguswi na hili.

Mtandao unakatika wakati wa kuhamisha mafaili makubwa, kisha unarudi. Andika `journalctl -k | grep e1000e`. Ukiona maneno "Detected Hardware Unit Hang", umekutana na ugomvi unaojulikana kati ya kadi za Intel za familia ya I219 na draiva yake. Kinachotuliza mara nyingi ni kuzima mipangilio miwili ya jinsi data inavyokatwakatwa kabla ya kutumwa:

`sudo ethtool -K eno1 tso off gso off`

Badilisha eno1 kwa jina lako. Amri hii inasahaulika ukiwasha upya, kwa hiyo ikikusaidia kwenye Debian na Proxmox iweke kwenye `/etc/network/interfaces` kwa mstari wa `post-up`. Isipoonekana kauli hiyo kwenye logi, badilisha kebo kabla ya kufikiria kitu kingine.

Umeme ukirudi haiwaki yenyewe, au saa imerudi nyuma miaka. Dalili mbili za betri moja: CR2032 imekwisha na BIOS inasahau mipangilio kila umeme ukikatika. Kwenye baadhi ya modeli betri iko chini ya kikasha cha diski au imefungwa kwa waya mfupi. Nunua inayofanana na iliyomo. Betri ikiwa nzima, rudi hatua ya 9.

Diski ya nje ya USB inapotea katikati ya kazi. Za inchi 3.5 zinahitaji adapta yake ya volti 12. Za inchi 2.5 zinakula umeme wa tundu la USB, na mbili kwa pamoja zinaweza kuelemea mashine ndogo; tumia habu yenye adapta yake. Kisha tazama `/etc/fstab`, orodha ya diski ambazo Linux inaziunganisha ikiwaka. Kama umeandika diski ya nje humo bila neno `nofail`, siku isipokuwepo seva itasimama kwenye hali ya dharura ikisubiri mtu mwenye kibodi, na utadhani mfumo umekufa. Tumia UUID (utambulisho wa kudumu wa diski), si `/dev/sdb1`, maana herufi hizo zinahama.

Inazimika yenyewe. Joto au adapta au RAM, kwa mpangilio huo. `journalctl -b -1 -e` inaonyesha dakika za mwisho kabla ya kuzimika. Logi ikikatika ghafla bila neno lolote la kuaga, ni umeme. Afya ya SSD isome kwa `sudo smartctl -a /dev/nvme0`, uangalie mstari wa "Percentage Used" na ule wa "Media and Data Integrity Errors". Wa pili ukiwa zaidi ya sifuri, hamisha data leo.

Haiwaki kabisa, hata taa. Jaribu adapta nyingine ya aina ile ile kabla ya kuhukumu. Ikibaki kimya ikiwa na kijiti kimoja tu cha RAM na bila kingine chochote, ubao umekufa, na mara nyingi ubao peke yake unauzwa karibu bei ya mashine nzima iliyotumika. Usiununue. Tafuta mashine nyingine ya modeli ile ile, hamishia RAM na SSD, weka mipangilio ya hatua ya 9, na uiwashe. Linux itaamka ikiwa na kila kitu chake. Badilisha tu namba ya MAC kwenye ruta, na jina la tundu la mtandao kama limehama.